Historia ya Kuazima Haitatusitiri

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wao walikuwa wakizungumzia mavazi, lakini methali haina mipaka, nami nataka kuitumia kupima jambo ambalo walimu na wanafunzi wa nchi hii hukutana nalo mara kwa mara: zile filamu za makala zinazosimulia historia yetu na kuchambua matatizo ya jamii zetu. Nyingi kati ya filamu hizo ambazo zimesifiwa na kudumu ziligharimiwa na wengine, zikaonyeshwa kwanza katika runinga za umma za nchi nyingine, na kanda zake asilia zimehifadhiwa katika maghala ya wengine. Sisi huletewa baadaye, kama watu walioalikwa katika arusi ya binti yao wenyewe.

Sisemi haya ili tukae kitako tulaumu wageni. Mgeni aliyekuja na kamera yake alifanya kazi aliyoona inafaa, na mara nyingine aliifanya vyema kuliko tulivyokuwa tayari kuifanya wenyewe. Hoja yangu ni kwamba shirika la utangazaji la umma lisilotengeneza, lisiloonyesha wala kuhifadhi historia ya umma linaouhudumia limeacha nusu ya wajibu wake. Na ili tusilizungumzie jambo hili kwa hamaki, hebu tutazame visa vitatu kutoka runinga ya umma ya Marekani, viwili kati yavyo vikituhusu moja kwa moja. Kila kisa kinajibu swali moja. Nani amelipa? Nani anauliza? Nani anahifadhi?

Kisa cha kwanza ni cha Profesa Ali Mazrui. Mwana huyu wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka wa 1933, alikuwa mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye katika miaka ya 1930 alichapisha Sahifa na Al-Islah ili kuwazindua Waswahili wenzake. Mwana aliirithi kalamu ya baba, kisha akaongeza kamera. Baada ya kutoa mihadhara ya Reith katika BBC mwaka wa 1979, aliandika na kusimulia mfululizo wa sehemu tisa uitwao The Africans: A Triple Heritage, ulioonyeshwa mwaka wa 1986 na BBC huko Uingereza na PBS, mtandao wa vituo vya umma vya Marekani. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Afrika ya sasa imefumwa kwa nyuzi tatu: utamaduni wake wa asili, Uislamu, na Magharibi. Mtu aliyelelewa Mombasa hakuhitaji kuhadithiwa utatu huo, kwani alizaliwa ndani yake.

Miongoni mwa waliogharimia mfululizo huo ni National Endowment for the Humanities, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili taaluma za historia, falsafa na fasihi. Ilitoa takriban dola 600,000. Kazi ilipokamilika, mwenyekiti wa taasisi hiyo, Lynne Cheney, aliitazama na hakupendezwa nayo hata kidogo. Aliona kwamba Mazrui ameilaumu Magharibi kupita kiasi, na kwamba yale yalikuwa maoni ya mtu mmoja yaliyovishwa joho la taaluma. Akataka jina la taasisi yake liondolewe katika orodha ya wafadhili. Jina likaondolewa. Lakini, na hili ndilo la kuzingatiwa, mfululizo wenyewe haukuondolewa. Ulionyeshwa, ukatazamwa, ukatumiwa na vyuo vikuu, na watu wakabishana juu yake kwa miaka mingi.

Tunapata mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Aliyetoa fedha huhisi kwamba ana haki ya kuamua kitakachosemwa, na hisia hiyo haijui rangi wala bara. La pili ni kwamba panapokuwa na ukuta imara kati ya mfadhili na mtangazaji, ghadhabu ya mfadhili huishia katika kufuta jina lake mwenyewe. Haifiki kwenye kanda.

Sasa mwalimu wa historia na alinganishe na mambo yalivyokuwa hapa nyumbani katika mwaka huohuo wa 1986. Huo ndio mwaka ambao chama cha KANU kiliidhinisha kura ya mlolongo. Ndio mwaka ambao wahadhiri, wanafunzi na watu wengine walikamatwa kwa madai ya kuhusika na Mwakenya, baadhi yao wakateswa katika vyumba vya Nyayo House. Runinga ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, nayo ilikuwa chini ya wizara ya serikali. Hapakuwa na ukuta wowote kati ya mlipaji na mtangazaji, kwa maana mlipaji ndiye aliyekuwa mtangazaji. Si ajabu basi kwamba Mkenya aliyetaka kulizungumzia bara zima kwa uhuru, akimlaumu mkoloni na mtawala Mwafrika kwa pamoja, alihitaji kamera za London na Washington.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mfululizo wa Mazrui haukuwa msahafu. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo wa 1986, aliushutumu vikali, akidai kwamba umeupa Uislamu nafasi kubwa na kuzipuuza dini za asili za Waafrika. Malumbano ya magwiji hao wawili yaliendelea kwa miaka. Nayataja kwa sababu ndiyo matunda ya runinga ya umma inapofanya kazi yake sawasawa. Filamu nzuri ya historia huanzisha mjadala, haiufungi.

Kisa cha pili kinaligusa swali la muulizaji. Mwaka wa 1999 Profesa Henry Louis Gates wa Chuo Kikuu cha Harvard, Mwamerika Mweusi mwenye sifa kubwa, alitokea katika PBS na mfululizo wake, Wonders of the African World. Lilikuwa jambo la kupendeza kuwaona watazamaji wa Marekani wakionyeshwa kwamba Afrika ilikuwa na miji, vyuo na falme kabla ya kuja kwa Wazungu. Sehemu moja ilihusu pwani yetu ya Waswahili. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Gates aliwauliza wenyeji juu ya asili yao, na waliojinasibisha na Uajemi au Uarabu walimshangaza, kwa kuwa machoni pake walikuwa watu weusi kama yeye.

Mazrui, akiwa mwana wa pwani hiyo, aliandika tahakiki kali. Alilalamika kwamba Waswahili walifanyiwa mzaha na kwamba mfululizo uliwatwika Waafrika mzigo wa biashara ya utumwa kuliko inavyostahili. Safari hii Soyinka alisimama upande wa Gates, na vita vya kalamu vikawaka tena.

Simo katika kuamua nani alishinda. Ninalotaka mwanafunzi alione ni jinsi swali lenyewe lilivyokuja limefungashwa kutoka mbali. Gates alitoka katika nchi ambako kwa muda mrefu tone moja la damu ya Kiafrika lilitosha kumfanya mtu ahesabiwe kuwa mweusi, na kuhesabiwa hivyo kuliamua shule, ajira na hata makaburi. Kwa mtu wa huko, anayesema babu yake alitoka Shiraz anaikimbia rangi yake. Kwa Mswahili, maneno hayohayo yanaweza kuwa na maana nyingine. Yanaweza kuwa habari za nasaba, ambayo huhesabiwa kwa baba na babu wala si kwa ngozi. Na yanaweza pia kuwa habari za daraja, kwa sababu hatuwezi kukana kwamba katika miji ya pwani palikuwa na waungwana na watumwa, na kwamba nasaba ya ng'ambo ilikuwa njia ya kujitenga na waliodharauliwa. Muulizaji aliyekulia Lamu, Siyu au Pemba angelijua hilo, na pengine angeuliza swali zito zaidi kuliko lile la Gates: je, vizazi vya waliokuwa watumwa wanaishi vipi leo miongoni mwa vizazi vya waliowamiliki? Swali hilo lina uchungu. Lakini ni letu, na halitaulizwa kikamilifu na mtu anayekaa nasi juma moja kisha anapanda ndege.

Kisa cha tatu kinahusu kuhifadhi, na ndicho kinachonitia hofu zaidi. Henry Hampton alikuwa mtayarishaji wa filamu Mwamerika Mweusi aliyeanzisha kampuni ya Blackside mjini Boston mwaka wa 1968. Baada ya miaka mingi ya kutafuta fedha, kampuni yake ilikamilisha Eyes on the Prize, historia ya harakati za haki za raia nchini Marekani. Sehemu sita za kwanza, zinazoanzia 1954 hadi 1965, zilionyeshwa na PBS mwaka wa 1987. Nyingine nane zilifuata mwaka wa 1990. Hampton hakumtafuta msomi wa kuketi mezani na kueleza kila kitu. Aliwaacha walioandamana, waliopigwa na waliofungwa waseme wenyewe, sambamba na picha za wakati ule. Kazi hii ikawa kitabu cha kiada katika maelfu ya madarasa.

Kisha ikatoweka. Picha za kale na nyimbo zilizomo zilikuwa zimekodishwa kutoka kwa wenye hakimiliki, vituo vya runinga na kampuni za muziki, kwa muda maalum, kwa sababu Blackside haikuwa na fedha za kulipia haki za kudumu. Katikati ya miaka ya 1990 muda huo ukaisha. Filamu haikuweza kuonyeshwa tena wala kuuzwa. Walimu waliokuwa na kanda za zamani walizitumia mpaka zikachakaa. Hampton alifariki mwaka wa 1998 kabla ya kuiona kazi yake ikifunguliwa. Ilibidi Wakfu wa Ford na mfadhili mwingine watoe fedha za kulipia upya haki hizo, na ndipo mwaka wa 2006 PBS ikaweza kuionyesha tena.

Tafakari jambo hilo, mpenzi msomaji. Watu waliouawa wakidai haki ya kupiga kura, wanafunzi waliomwagiwa maji ya mipira ya wazimamoto, mama aliyelifungua jeneza la mwanawe ili ulimwengu uone alivyouawa: picha zao zilifungiwa kwa takriban mwongo mzima, si na serikali katili, bali na mkataba uliokwisha muda wake. Udikteta si adui pekee wa historia. Karatasi isiyosomwa vizuri wakati wa kutiwa sahihi inaweza kuifanya kazi iyo hiyo, tena kwa ukimya mkubwa zaidi.

Baada ya visa hivyo, turudi nyumbani.

Filamu ya BBC iliyoyaanika wazi mateso ya kambi za vita vya Mau Mau, Kenya: White Terror, ilionyeshwa Uingereza mwaka wa 2002. Mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa ikificha huko Hanslope Park maelfu ya faili zilizohamishwa kutoka makoloni yake ya zamani, yetu ikiwemo. Na mwaka wa 2013, baada ya wazee wetu kuishtaki, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Filamu ya Taking Root, inayosimulia maisha ya Profesa Wangari Maathai na harakati za Green Belt, ilitengenezwa na Wamarekani wawili na kuonyeshwa na PBS mwaka wa 2009. Softie, ya Mkenya Sam Soko, inayofuata kampeni ya mwanaharakati Boniface Mwangi katika uchaguzi wa 2017, ilituzwa katika tamasha la Sundance mwaka wa 2020 na kuonyeshwa na PBS mwaka huohuo.

Sidai kwamba Wakenya hawatengenezi filamu. La hasha! Judy Kibinge alikamilisha Scarred mwaka wa 2015, akawapa manusura wa Wagalla nafasi ya kusema yaliyowapata Februari 1984, wanaume wa Kisomali wa Wajir walipokusanywa na wanajeshi katika uwanja mdogo wa ndege, wakaachwa juani bila maji, wengi wakauawa. Serikali kwa miaka mingi ilishikilia kwamba waliofariki walikuwa 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013 iliona kwamba idadi ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Marehemu Hilary Ng'weno, mwanzilishi wa jarida la Weekly Review, alitayarisha mifululizo ya historia ya siasa za Kenya ambayo wengi wetu tuliitazama kwa hamu. Lakini ilionyeshwa wapi? NTV, kituo cha kampuni ya binafsi. Vipaji tunavyo. Kinachokosekana ni nyumba ya umma ya kuvikaribisha.

Nyumba hiyo kwa jina ipo. Runinga ilianza nchini mapema katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1964 shirika lilichukuliwa na serikali likaitwa Sauti ya Kenya, na sheria ya mwaka wa 1989 ikalirejeshea jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Hadi KTN ilipozinduliwa mwaka wa 1990, hapakuwa na kamera nyingine ya runinga iliyokuwa ikiwatangazia Wakenya habari za nyumbani. Maana yake ni kwamba karibu miaka 30 ya kwanza ya uhuru wetu, mazishi na sherehe, hotuba na michezo, ngoma za makabila yote na vichekesho vya lugha yetu, ilipitia mikononi mwa shirika hili moja. Mali hiyo haina bei, nayo ililipiwa na kodi za baba na mama zetu.

Katiba ya 2010 nayo imesema kwa lugha isiyo na utata. Kifungu cha 34 kinavitaka vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua vitakachotangaza, visipendelee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Iwapo kanda iliyorekodiwa kwa kodi ya mwananchi si habari iliyo mikononi mwa dola, basi sijui ni nini.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwanza kwamba hakuna fedha. Kweli, filamu ya historia ni ghali kuliko mjadala wa studio, na madeni ya KBC si siri. Lakini kuhifadhi kanda na kuzitia katika kompyuta hakuhitaji mabilioni ya kila mwaka. Kunahitaji uamuzi, wataalamu na subira. Isitoshe, kipindi cha habari kikitangazwa usiku kesho yake kimekufa, ilhali filamu nzuri ya Wagalla au ya Nyayo House itafundishia kizazi hadi kizazi. Ukigawanya gharama yake kwa miaka itakayotumika, utaona ndiyo rahisi kuliko vyote.

Nitaambiwa pili kwamba serikali haitakubali kuaibishwa na runinga inayoilipia. Hofu hii si ya bure, nami sitaipuuza. Hata huko Marekani, ambako tulikuwa tukielekeza kidole kama mfano, mambo yameharibika: Julai 2025 Bunge la nchi hiyo lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma, na mwezi uliofuata shirika lililokuwa likizigawa fedha hizo, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1967, likatangaza kwamba linafunga kazi. Waliotofautiana na yaliyokuwa yakionyeshwa hawakuhitaji kufuta jina safari hii, walikata mrija. Funzo kwetu si kwamba runinga ya umma haiwezekani. Funzo ni kwamba ukuta kati ya mlipaji na mtangazaji hujengwa kwa sheria, na hulindwa na watazamaji wanaojua thamani yake. Umma usioona faida ya runinga yake hautaitetea siku ya kisu.

Nitaambiwa tatu kwamba Wakenya wanapenda kandanda na tamthilia, hawana haja na historia. Nakataa katakata. Watu walewale walioacha shughuli zao kutazama mifululizo ya Ng'weno ndio hao wanaosemekana hawapendi historia. Mtu hachukii chakula ambacho hajawahi kuandaliwa.

Napendekeza basi mambo matatu, nayo hayahitaji miujiza. Mosi, pawe na mfuko maalum wa filamu za historia na masuala ya jamii katika KBC, unaogawanywa na jopo la wanahistoria, walimu na watengenezaji wa filamu, wala si na waziri. Pili, kila mkataba wa filamu iliyogharimiwa na fedha za umma, hata kwa shilingi chache, uzipe shule na maktaba za Kenya haki ya kudumu ya kuionyesha bila malipo. Kisa cha Hampton kinatosha kutufundisha hilo, na hakuna sababu ya sisi kulipia somo ambalo mwenzetu alikwisha kulilipia. Tatu, orodha ya kanda zote za shirika ichapishwe ili kila mtafiti na kila mwanafunzi ajue kilichopo. Hazina isiyo na orodha haina tofauti na hazina iliyoibwa.

Walimu nao wasingoje mfuko huo uanzishwe. Wakati shule zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya redio na runinga yalitukumbusha kwamba chombo kinaweza kuwa darasa. Hivi sasa, mahali penye kompyuta moja na umeme wa saa mbili, filamu moja kwa muhula yatosha. Lakini isionyeshwe kama burudani ya Ijumaa jioni. Mwanafunzi aitazame akiwa na yale maswali matatu mbele yake. Nani amelipa, na je, angependa nifikiri nini? Nani anauliza, na ni swali gani ambalo mtu wa hapa angeuliza badala yake? Nani anahifadhi, na je, mdogo wangu ataweza kuiona miaka 20 ijayo? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo hatadanganywa kwa wepesi na filamu yoyote, iwe ya mgeni au ya serikali yake.

Kisha atoke nje ya darasa. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, aliyetuaga Januari 2025, alijenga jina lake kwa kuthibitisha kwamba masimulizi ya wazee ni ushahidi wa historia unaoweza kupimwa na kulinganishwa kama nyaraka. Kitabu chake juu ya Waluo wa kusini kilitoka mwaka wa 1967, wakati kulikuwa na wasomi waliokuwa bado wakidai kwamba watu wasioandika hawana historia. Yeye alifanya kazi hiyo kwa miguu na daftari. Mwanafunzi wa leo ana simu yenye kamera, au jirani yake anayo. Na amrekodi bibi yake au babu yake, kwa lugha ya nyumbani, kwa heshima na kwa idhini. Aandike jina la mahali na tarehe. Aiache nakala moja shuleni na nyingine katika maktaba ya kaunti.

Haya hayawezi kuahirishwa. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 sasa amepita miaka 90. Aliyekuwa na miaka 30 alipoponea Wagalla amevuka 70. Kila mwezi mmoja wao huzikwa, na anazikwa na kanda ambayo haikurekodiwa. Filamu tunaweza kuiazima, na hakimiliki tunaweza kuinunua hata tukichelewa. Shahidi aliyekufa hakopeshwi na yeyote.